Luigi Broglio na Safari ya Uhuru

Ngoma ikipigwa Kwanza, mawimbi ya sauti huwafikia majirani kwa kuwa yana hewa ya kupitia. Pasipo hewa, ngoma ni bubu. Mawimbi ya eksirei yatokayo nyotani ni kinyume: hupita katika utupu bila kizuizi, lakini humezwa na hewa ya dunia kabla ya kugusa ardhi. Atakaye kuyachunguza hana budi kupanda juu ya hewa. Ngazi ya safari hiyo iliwekwa Kenya na Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa Mestre, Italia, mwaka wa 1911. Akiwa profesa wa uhandisi mjini Roma, aliongoza mradi wa San Marco. Aliichagua bahari ya Ngomeni, karibu na Malindi, kwani roketi irukayo kuelekea mashariki karibu na ikweta husukumwa pia na mzunguko wa dunia. Mwaka wa 1967 jukwaa lake likarusha setilaiti ya San Marco 2.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengewa uchunguzi wa eksirei za angani. Ikaitwa Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339.

Mwaka wa 2002 Riccardo Giacconi, kiongozi wa uchunguzi huo, alitunukiwa Nobeli. Broglio hakuishuhudia siku hiyo. Alifariki Januari 2001. Hata hivyo, majina ya vyanzo hivyo yangali yanabeba herufi U, ya neno la Kiswahili.