Arpad Elo: Mwalimu wa fizikia aliyewapima mabingwa wa sataranji na mashine zao

Mara kwa mara tunasikia kwamba programu fulani ya kompyuta ya kucheza sataranji ina kiwango cha 3000 au hata 3500, na kwamba hakuna binadamu anayeiweza. Namba hizo hutajwa kama uzito wa gunia la mchele, lakini ni wachache wanaojua zilikotoka. Leo tumeona ni vyema tukuleteeni maisha ya mtu aliyezianzisha, marehemu Profesa Arpad Elo.

Elo alizaliwa tarehe 25 Agosti 1903 katika kijiji cha Egyházaskesző nchini Hungaria, wakati huo ikiwa sehemu ya dola ya Austria na Hungaria. Mwaka 1913, akiwa mtoto wa miaka kumi hivi, alihamia Marekani pamoja na wazazi wake. Sisi tunaolea watoto ughaibuni tunaelewa maana ya mtoto kuanza maisha upya katika lugha ya wengine. Alisoma Chuo Kikuu cha Chicago, kisha kwa miaka mingi akafundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette mjini Milwaukee. Nje ya darasa alikuwa mchezaji hodari wa sataranji, na alitwaa ubingwa wa jimbo la Wisconsin mara nane.

Shirikisho la Sataranji la Marekani lilikuwa na mfumo wa kuwapanga wachezaji tangu mwaka 1950, uliotungwa na Kenneth Harkness. Mfumo huo ulisaidia, lakini wakati mwingine ulitoa matokeo ya ajabu. Shirikisho likamwomba Elo autazame upya, na mwaka 1960 likaanza kutumia hesabu yake. Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, nalo likaikubali mwaka 1970.

Hesabu yenyewe si ngumu kuielewa. Ushindi ni pointi moja na sare ni nusu pointi. Wachezaji wawili wenye alama sawa hutarajiwa kugawana pointi nusu kwa nusu. Anayemzidi mwenzake kwa alama 100 hutarajiwa kupata kiasi cha pointi 64 katika michezo 100. Akimzidi kwa alama 200 atapata kiasi cha 76, na akimzidi kwa 400, kiasi cha 91. Anayepata zaidi ya ilivyotarajiwa alama zake hupanda, na anayepata pungufu hushuka. Kwa hiyo namba ya Elo haipimi nguvu peke yake kama mizani ya dukani. Inaonyesha tofauti baina ya watu waliokwisha kukutana ubaoni, na kadiri michezo inavyokuwa michache ndivyo inavyokuwa rahisi kudanganyika.

Elo mwenyewe hakuificha kasoro hiyo. Aliifananisha kazi yake na kupima mahali lilipo boya linalochezacheza majini, kwa kutumia fimbo iliyofungwa kwenye kamba inayopeperushwa na upepo. Kwa miaka mingi aliikokotoa orodha ya FIDE mwenyewe kwa kikokotoo kidogo cha mkononi, na mwaka 1978 alichapisha kitabu kinachoeleza mfumo mzima.

Wakati huo mashine zilikuwa zimekwisha kuingia uwanjani. Mwaka 1967 programu ya Mac Hack, iliyoundwa na Richard Greenblatt na wenzake katika chuo cha MIT, ilicheza mashindano na watu na kupewa alama kama mchezaji mwingine yeyote. Mwaka 1983 mashine ya Belle ya Ken Thompson na Joe Condon ilipata daraja la umahiri nchini Marekani. Hapo hapakuwa na ubishi, kwa sababu mashine ilikaa mbele ya watu, ikashinda na kushindwa hadharani.

Ubishi ulikuja pamoja na biashara. Katika miaka ya 1980 kompyuta ndogo za sataranji zilijaa madukani, na namba ya Elo ikawa sehemu ya matangazo. Mnunuzi angejuaje kama ni ya kweli? Nchini Sweden wapenzi wa mchezo huo waliunda chama cha SSDF, wakazipambanisha mashine zenyewe kwa zenyewe, mamia ya michezo, na kuchapisha matokeo. Baadhi ya mashine walizipambanisha pia na wachezaji wa kibinadamu, ili namba zao zisielee hewani.

Elo alifariki dunia tarehe 5 Novemba 1992, akiwa na umri wa miaka 89. Hakuwahi kuona Deep Blue ya kampuni ya IBM ikimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mjini New York mwaka 1997, kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Ushindi ule ulikuwa wa kweli. Lakini ulikuwa wa michezo sita tu, na mashine ile haikurudi tena uwanjani, hivyo kiwango chake halisi hakikupimwa.

Mfano mwingine ni wa Desemba 2017, ilipotangazwa kwamba AlphaZero imeishinda programu ya Stockfish michezo 28 na kutoka sare 72, bila kupoteza hata mmoja. Dunia ilishangaa. Kwa kipimo cha Elo, hizo ni pointi 64 katika 100, yaani tofauti ya alama 100 hivi. Wataalamu walilalamika kwamba Stockfish haikuwekewa masharti yanayoifaa. Mwaka 2018 yakachapishwa matokeo ya michezo 1000 kwa masharti yaliyorekebishwa: AlphaZero ilishinda 155, ikapoteza 6, iliyobaki ikawa sare. Bado ilishinda, lakini tofauti ilishuka hadi kiasi cha alama 50.

Hata zile 3500 tunazozisikia hutoka katika orodha za kompyuta kwa kompyuta, na hatuwezi kuzilinganisha moja kwa moja na alama za mchezaji wa Nairobi au Kampala aliyezipata kwa kucheza na watu.

Leo hesabu ya Profesa Elo imevuka mipaka ya sataranji. Tangu mwaka 2018 FIFA hutumia hesabu ya aina hiyo kuzipanga timu za taifa za wanaume, Taifa Stars na Harambee Stars zikiwemo. Basi, ndugu wasomaji, tukitajiwa namba kubwa tuulize: ilicheza na nani, michezo mingapi, na kwa masharti gani? Mzee yule aliyekuwa akikokotoa orodha kwa mkono wake asingekubali namba isiyojibu maswali hayo.