Carl von Linde: Alifukuzwa chuo, akarudi kufundisha sayansi ya ubaridi

MWAKA 1864 kijana mmoja wa Kijerumani, Carl Linde, alifungasha virago na kuondoka Zurich, Uswisi, bila shahada. Alikuwa na umri wa miaka 22. Kwa miaka mitatu alikuwa akisomea uhandisi katika chuo cha ufundi cha mji huo, akajiingiza katika vuguvugu la wanafunzi, na uongozi ukamfukuza kabla hajahitimu.

Kwa vijana wengi, huo ungekuwa mwisho wa safari. Kwa Linde ulikuwa mwanzo wa njia ndefu iliyomrudisha chuoni, safari hii akiwa mwalimu. Wanaosomea uhandisi wa majokofu na viyoyozi hivi leo wanapita katika njia aliyosaidia kuifungua.

Linde alizaliwa Juni 11, 1842, katika kijiji cha Berndorf, Bavaria. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kilutheri, na ilitarajiwa kwamba mtoto naye angefuata nyayo hizo. Yeye akavutwa na mitambo, na mwaka 1861 akajiunga na chuo cha Zurich, ambako walimu wake walikuwa magwiji wa zama zile.

Miongoni mwao alikuwamo Rudolf Clausius, mmoja wa walioweka misingi ya sayansi ya joto na nguvu. Clausius ndiye aliyeeleza bayana kwamba joto halitoki lenyewe mahali pa baridi kwenda mahali pa moto. Kulihamisha hivyo hakuna budi kutumia nguvu. Kanuni hiyo ndiyo roho ya kila jokofu duniani. Linde aliondoka Zurich bila shahada, lakini kanuni hiyo aliondoka nayo.

Aliyemnusuru ni mwalimu wake mwingine, Franz Reuleaux, aliyemtafutia nafasi ya mwanagenzi katika kiwanda cha nyuzi za pamba huko Kottern, karibu na Kempten. Baadaye alifanya kazi Berlin katika kiwanda cha Borsig, kisha Munich, kwenye kiwanda cha treni za mvuke cha Krauss, akapanda hadi kuongoza idara ya ufundi.

Mwaka 1868 chuo kipya cha ufundi kilifunguliwa Munich. Linde aliomba kazi, akakubaliwa kuwa mhadhiri akiwa na miaka 26. Miaka minne baadaye akawa profesa kamili wa uhandisi mitambo. Yule aliyetimuliwa Zurich sasa alikuwa akiwapa wenzake elimu ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuimaliza.

Wakati huo mashine za kutengeneza baridi zilikwishakuwapo. Wavumbuzi wa nchi mbalimbali walikuwa wameziunda, lakini wengi kwa kubahatisha: wanajenga, wanajaribu, wanarekebisha. Linde aliligeuza swali. Badala ya kuuliza kama mashine inatoa baridi, aliuliza inatoa baridi kiasi gani kwa nguvu inayotumia, na sheria za asili zinaruhusu ifikie wapi. Majibu yake aliyachapisha mwaka 1870 na 1871 katika jarida la viwanda la Bavaria.

Waliomsikia kwanza ni wenye viwanda vya bia. Bia ya Kijerumani ilihitaji kuchachuka na kutunzwa katika ubaridi, na wapishi wake walitegemea barafu iliyokatwa kwenye maziwa na mito wakati wa majira ya baridi. Msimu ukiwa na joto kuliko kawaida, barafu huadimika na kazi huyumba. Gabriel Sedlmayr, mmiliki wa kiwanda cha Spaten mjini Munich, akamruhusu profesa huyo kufanyia majaribio kiwandani kwake.

Asili ya mashine yake si ngeni kwa yeyote aliyewahi kunywa maji ya mtungini. Maji hupenya ukuta wa mtungi na kugeuka mvuke, na katika kugeuka huko huondoka na joto, yakaacha yaliyomo ndani yakiwa baridi. Linde alikifungia kitendo hicho ndani ya mabomba. Kimiminika hugeuka gesi na kufyonza joto, kompresa huisukuma gesi hiyo, joto hutolewa nje, nayo hurudi kuwa kimiminika na kuanza mzunguko upya.

Mashine ya kwanza ilitumia aina ya etha inayoshika moto kwa urahisi, na kuizuia isivuje kulimtesa sana. Hakukata tamaa. Mwaka 1876 alitoa mashine mpya iliyotumia amonia, ikiwa imara zaidi na yenye ufanisi. Moja ya mashine hizo ilifungwa katika kiwanda cha bia cha Dreher mjini Trieste, na ikafanya kazi hadi mwaka 1908.

Huku akihangaika na mashine, hakuacha darasa. Aliamini mhandisi hafundwi kwa chaki na ubao peke yake, hivyo akaanzisha maabara ya mitambo chuoni ili wanafunzi wapime wenyewe kile walichokisoma.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Rudolf Diesel. Katika mihadhara ya Linde alijifunza jinsi injini ya mvuke inavyopoteza sehemu kubwa ya joto la makaa, na tangu hapo akawa na kiu ya kuunda injini bora zaidi. Alihitimu mwaka 1880, akaajiriwa kwanza na kampuni ya mwalimu wake jijini Paris, na mwaka 1897 injini yenye jina lake ikathibitishwa kwa vipimo. Kwa hiyo injini ya dizeli inayosukuma malori yetu ina undugu na somo la ubaridi.

Mwaka 1879 Linde alifanya uamuzi mgumu. Akiwa na miaka 37 aliachia uprofesa, kazi yenye heshima na uhakika wa mshahara, akaanzisha kampuni ya mashine za barafu mjini Wiesbaden pamoja na wenye viwanda vya bia na mitambo. Kufikia mwaka 1890 mashine 747 zilikuwa zimeuzwa.

Utajiri haukumzuia kurudi kwenye utafiti. Alihamia tena Munich, na mwaka 1895 akafaulu kuifanya hewa tunayovuta iwe kimiminika kwa wingi, katika ubaridi wa nyuzi zipatazo 190 chini ya sifuri. Mwaka 1902 alitumia njia hiyo kuitenga oksijeni kutoka hewani. Hata leo oksijeni nyingi ya mafundi wa kulehemu na ya mahospitali hupatikana kwa msingi huo huo.

Mwaka 1897 alitunukiwa daraja la ungwana, ndipo jina lake likaongezewa neno von. Alishiriki pia kuanzisha jumba la makumbusho ya sayansi na ufundi la Munich mwaka 1903. Alifariki dunia mjini humo Novemba 16, 1934, akiwa na miaka 92.

Amonia aliyoichagua ingali inazunguka katika mitambo mikubwa ya barafu na vyumba vya baridi, inakotunzwa samaki, nyama na matunda. Na kila mwaka vijana huingia vyuoni wakidhani wanakwenda kujifunza kutengeneza friji, kumbe siku za mwanzo wanakutana na hesabu za joto, kanuni ya Clausius na karatasi za vipimo. Wapo wanaolalamika kwamba fundi wa mtaani haya yote hayahitaji. Maisha ya Linde yanawajibu: waliobahatisha walimtangulia kuunda mashine, lakini aliyepiga hesabu ndiye aliyezifanya zidumu.