Siti binti Saad: Muuza Vyungu Aliyejaza Watu Dukani Kabla ya Uzinduzi wa Laivu

Kabla tuanze, jibu hii swali bila kudanganya. Simu mpya ikitoka, wewe huwa upande gani? Wewe ni wa kudandia mat asubuhi na mapema, ushuke tao, usimame nje ya duka na wale wasee wanagawa fulana za bure? Ama wewe ni wa kulala kitandani hapa Umoja, bando ya soo, unacheki uzinduzi kwa skrini yenye ufa?

Mimi nimekuwa pande zote mbili. Juzi nilicheki uzinduzi flani nikiwa keja, Innercore, peke yangu na chai. Kamera nikaona, rangi nikaona. Jamaa akafungua tu mdomo kutaja bei, bando ikakata.

Kesho yake nikipita Mutindwa nikapata duka moja limetoa spika nje. Simu ni hiyo hiyo. Iko moja tu, imefungwa waya kwa meza, na watu wamejipanga kungoja zamu ya kuishika. Mama mboga yuko hapo. Wasee wa boda wako hapo. Kuna mtoto wa shule na sare yake anamfunza mzee jinsi ya kupiga selfi. Sikuona mtu akitoa hata soo mfukoni. Na sikuona mtu akienda.

Nilisimama hapo karibu saa nzima nikijiuliza hawa wote wamekuja kuona nini, na mimi nikiwa mmoja wao. Jibu nililipata kwa story ya mama mmoja wa Zanzibar aliyefariki 1950. Hakuwahi kuona simu ya kupapasa. Lakini hii mambo ya kampuni ya teknolojia kuleta kitu mpya, wenye pesa wakaile nyumbani na wengine wakaionja mlangoni kwa duka, aliijua kabla ya nyanya yako kuzaliwa. Vuta kiti.

Jina lake lilikuwa Mtumwa

Alizaliwa karibu mwaka wa 1880 huko Fumba, kijiji kilicho kusini mwa mji wa Zanzibar. Wazazi wake walikuwa watu wa chini kabisa kwa jamii ya wakati huo, ukoo wa watumwa. Asili ya baba ni Unyamwezi, upande wa Tabora. Asili ya mathe ni Uzigua, upande wa Tanga. Mtoto wakamwita Mtumwa.

Umesoma poa. Mtumwa. Kila mtu akimwita kula, anamkumbusha mahali pake. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka wa 1897, yeye akiwa msichana wa miaka kama 17. Lakini wewe unajua karatasi ya serikali haifuti vile jirani anakuangalia.

Shule hakuionja. Mimi niliacha chuo katikati, na mpaka leo shangazi zangu wakinipata kwa sherehe lazima waulize nitarudi lini. Sasa fikiria mtu ambaye hata mlango wa darasa hakuwahi kuonyeshwa. Kazi aliyoijua ni moja. Mathe anafinyanga vyungu, yeye anavibeba kichwani, anapiga mguu hadi mjini, anazunguka nyumba kwa nyumba akiuza.

Hapa ndipo mambo inaanza. Unajua wale wasee wa mitumba wa Mutindwa, wale unasikia sauti kabla hujaona nguo? Huyu dada alikuwa level hiyo, alafu zidisha. Alikuwa akitangaza vyungu kwa kuimba, na sauti yake ilifika mbali. Mwanamke akiwa ndani ya nyumba yake anajua vyungu vya Fumba vimefika, muuzaji mwenyewe bado hajatokea kona. Bila kujua, alikuwa anafanya mazoezi ya kazi itakayompa jina: sauti itangulie, mwenyewe afuate.

Anahamia mjini

Mwaka wa 1911 akaamua imetosha. Akahamia mjini kusaka maisha. Na mji wa Zanzibar ulikuwa na pande mbili. Kulikuwa na Mji Mkongwe, majumba ya mawe, matajiri, jumba la Sultani. Alafu ukivuka hori la maji kulikuwa na Ng'ambo, vibanda vya udongo na makuti, wachukuzi, watumishi, wavuvi, watu waliokuwa watumwa jana. Ukitaka kuielewa haraka, Ng'ambo ilikuwa Eastlands yao.

Taarab ilikuwepo. Lakini ilikuwa ya wakubwa. Ilianzia kwa jumba la Sultani Barghash, ikaingia kwa vyama vya wanaume kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa 1905, na lugha ilikuwa Kiarabu. Mwanamke mweusi, maskini, wa ukoo wa watumwa, hakuwa kwa hiyo picha hata kidogo.

Kuna mwanamuziki aliitwa Muhsin Ali. Alisikia ile sauti, akakubali kumfunza kuimba kwa mpango na matamshi ya Kiarabu. Dada akashika fasta mpaka mwalimu mwenyewe akashangaa. Muhsin akamtambulisha kwa mabeshte wake wa muziki, kina Subeti bin Ambari, Budda, Maalim Shaaban na Mbaruk. Hiyo ndio ikawa mbogi yake. Jina la Mtumwa likakufa hapo. Akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Kuanzia sasa na sisi tumwite Bi Siti, tusikose adabu.

Alikuwa akiimba kwa Sultani na kwa matajiri wa Kiarabu, na huko wanataka Kiarabu anawapa Kiarabu. Lakini usiku, nyumbani kwake Ng'ambo, mbogi inakutana, majirani wanaingia, na hapo anaimba Kiswahili. Nyimbo zilikuwa habari za mtaa. Kuna kesi iliyotikisa mji, ya jamaa aliyeitwa Kijiti. Alimuua mwanamke aliyekuja kutembea kutoka Dar es Salaam, akatorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio wakaishia ndani. Bi Siti na wenzake wakaitungia wimbo. Mtu wa Ng'ambo ambaye kortini hangesikilizwa, alisikilizwa kwa hiyo ngoma.

Shida ni moja. Kumsikia lazima uwe hapo. Kama hukualikwa kwa jumba la Sultani na hujui njia ya kwake Ng'ambo, imekula kwako.

Safari ya Bombay

Sasa ingiza kampuni ya teknolojia. Gramophone Company ya Uingereza, wale wa nembo ya mbwa anasikiza mashine, His Master's Voice. Hawa walikuwa wameshaingia India kurekodi tangu 1902, na Misri pia. Gramafoni ndio ilikuwa kitu ya kuringia. Sanduku unalizungusha kwa mkono, hakuna stima, unaweka santuri, unashusha sindano, mtu ambaye hayuko anaanza kuimba. Upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika 3, alafu unageuza.

Mashine zilishafika pwani yetu. Lakini santuri zilikuwa za Kiarabu na za Kihindi. Mswahili akinunua, anasikiza watu wa kwingine wakiongea mambo ya kwingine. Ni kama mtu akuuzie simu kali alafu haina lugha unayoota nayo.

Mwaka wa 1928 kampuni ikampeleka Bi Siti na mbogi yake Bombay kwa meli, waimbe Kiswahili mbele ya mashine. Muuza vyungu wa Fumba, karibu miaka 48, anavuka Bahari ya Hindi kwa sababu ya koo lake. Alikuwa kati ya watu wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kuingia kwa santuri, na mwanamke mbele ya wengi.

Santuri zikachapwa, zikapakiwa, zikarudi. Na hapa ndio ujue balaa. Kufika 1931, santuri za Kiswahili zilizouzwa zilikuwa zimepita 70,000. Soma tena hiyo namba, ukikumbuka kwamba wakati huo mfanyakazi wa kawaida hangeweza kununua hata hiyo mashine yenyewe. Haikuchukua muda, kampuni zingine nazo zikafunga safari kuja pande hizi kutafuta waimbaji.

Mlangoni kwa duka

Kwa hivyo wale wasio na mashine walisikiza wapi? Wapi kwingine, buda. Dukani. Kwa hoteli ya chai. Mwenye duka anaweka gramafoni karibu na mlango, anazungusha, anashusha sindano, na barabara inasimama. Mchukuzi anateremsha mzigo. Aliyetumwa sukari anasahau sukari. Zanzibar, Mombasa, Dar, hadi bara, sauti ya Bi Siti ilifika mahali miguu yake haikuwahi kufika.

Mwenye pesa alinunua, akaenda nazo nyumbani, akajifungia na wageni wake. Poa kwake. Lakini ukiniuliza uzinduzi wa kweli ulikuwa wapi, nitakuambia ni pale mlangoni. Hapo ndipo mtu wa kawaida alisikia mashine ya Mzungu ikiongea lugha yake, ikitaja mitaa yake na kesi zake, alafu akageuka kumwangalia jirani aone kama naye amesikia. Hiyo kugeuka ndio huwezi kuipata ukiwa peke yako. Mashine ilikuwa ya mwenye duka. Habari ilikuwa ya wote.

Na ndio nikaelewa wale watu wa Mutindwa. Kitu mpya ikifika, mtu anataka kujua kama dunia inayokuja imemwacha nje. Akiishika na mkono wake, mbele ya watu anaowajua, angalau anajua iko kwa mtaa wake pia.

Waliomcheka

Usidhani wote walifurahi. Kuna wenye ukoo waliochomeka kuona mtoto wa watumwa anaimba kwa Sultani. Wakamtungia nyimbo za kumcheka. Ati hana sura, ana sauti tu, bila hiyo angekuwa nani. Na wakamkumbusha alikotoka.

Bi Siti hakuenda kulia mahali. Akajibu kwa wimbo, akawaeleza kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ni mtu kukosa akili. Wakanyamaza.

Na fikiria vile santuri ilivyowamaliza. Kwa santuri hakuna sura. Hakuna ngozi, hakuna nguo, hakuna jina la baba. Kuna sauti, na hiyo ndio hawakuweza kushindana nayo. Wale wasee wetu wanaoanza kwa kurekodi kejani na simu ya mkopo, taa imezimwa ukuta usionekane, wanaelewa hii kitu kabisa.

Lakini kuna kitu nyingine inanifurahisha zaidi. Watu waliomsikia kwa santuri hawakutosheka. Walifunga safari kutoka mbali, wakaja Zanzibar, ili tu wamwone na macho. Kumbe ile mashine haikuua hamu ya kuonana. Iliiongeza. Msichana mmoja aliyekuwa akimsikiza enzi hizo alikuja kuitwa Bi Kidude, na huyo dunia nzima ilimjua.

Mwisho wake

Kabla hajafa, mwandishi Shaaban Robert alikutana naye, akaandika maisha yake. Hicho kitabu ni Wasifu wa Siti binti Saad. Mwanamke ambaye hakuwahi kusoma akageuka kuwa kitabu cha kusomwa mashuleni. Alifariki Julai 8, 1950. Miaka mingi baadaye, wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao, waliliita Sauti ya Siti. Angalia hilo jina. Hawakuchagua sura wala ukoo. Walichagua ile kitu aliyokuwa akitembea nayo kutoka Fumba, chungu kikiwa kichwani.

Kwa hivyo msee wangu, uzinduzi ujao ukikam, cheki mtandaoni kama una bando. Mimi nitacheki pia, hiyo ndio kazi yangu na inalipa rent. Lakini kesho yake toka keja. Pita Mutindwa, simama kidogo mahali spika inalia, ushike hiyo simu ya waya zamu yako ikifika. Usione aibu kwa sababu mfuko hauna kitu. Wale waliosimama nje ya duka 1928 pia hawakuwa nacho, na ndio waliofanya jina la muuza vyungu likafika hadi kwako leo.

Na kama hapo kwenye laini kuna dem ama msee anauza kava za simu na sauti yake inasikika kabla umwone, msikize vizuri. Huwezi jua.