Maisha ya Ernest Just, Mchunguzi wa Mayai

Wakati wa mvua za mwaka jana tulikwenda bondeni, hapa Kampala, tukaleta mayai ya chura darasani. Tulitazama yai moja likigawanyika kuwa chembe mbili, kisha nne. Nilimwuliza mwalimu, ikiwa kila chembe ina urithi ule ule, ni nini kinachoiamuru hii iwe jicho na ile iwe mguu. Kabla sijapata jibu mayai yangu yalioza, kwa kuwa sikuosha bakuli vizuri. Mwalimu hakunikemea, alinipa kitabu nisome habari za Ernest Everett Just.

Mtu huyu mweusi alizaliwa Charleston, kusini mwa Marekani, tarehe 14 Agosti, 1883. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Mama yake, aliyekuwa mwalimu, alimlea, naye akafa kijana akingali shuleni. Hata hivyo Just alihitimu Dartmouth mwaka 1907 kwa sifa kubwa, akaenda kufundisha Howard, chuo cha watu weusi mjini Washington.

Tangu 1909, kwa miaka mingi, alitumia likizo zake Woods Hole, pwani, akichunguza mayai ya minyoo ya bahari. Alishika sana usafi wa vyombo na upole wa mkono. Mwaka 1912 alionyesha kwamba mahali mbegu ya dume iingiapo ndipo paongozapo mgawanyiko wa kwanza wa yai. Wataalamu wengi walikitazama kiini tu. Yeye alisema kwamba ute unaokizunguka, na uso wa yai, navyo vina kazi katika kuumba kiumbe.

Alipata shahada ya udaktari huko Chicago mwaka 1916, lakini vyuo vikubwa vya wazungu havikumpa kazi kwa sababu ya rangi yake. Kuanzia 1929 alifanya kazi Ulaya mara nyingi. Wajerumani walipoingia Ufaransa mwaka 1940 walimfunga kwa muda. Alirudi kwao, akafa kwa saratani tarehe 27 Oktoba, 1941.

Si yote aliyoyawaza yaliyothibitika. Lakini leo twajua kwamba hata yai la mnyama anyonyeshaye huanza maisha kwa akiba ya mama iliyomo katika ute. Kwa panya, jeni za kiinitete chenyewe huamka hasa chembe zikiwa mbili. Kwa binadamu, zikiwa nne hadi nane. Baadaye chembe za nje huwasha jeni za kujenga kondo la nyuma, na za ndani huwasha nyingine, za kujenga mtoto. Urithi ni mmoja, bali jeni ziwakazo hapa huzimwa pale. Hilo ndilo jibu nililolitafuta.

Mwaka huu nimeleta mayai mengine. Safari hii bakuli nimeliosha mara tatu, na viluwiluwi vimekwisha kuota miguu.