Mali Bila Daftari

Wahenga walituusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu twaitumia methali hiyo tuzungumzapo fedha na bidhaa. Lakini elimu nayo ni mali, na majina ya waliotufundisha ni mali vile vile. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, na hasa viongozi waliokabidhiwa dhamana ya elimu, maisha ya Alice Ball, mwalimu wa kemia katika visiwa vya Hawaii, ambaye kazi yake iliitwa kwa jina la mtu mwingine kwa muda mrefu.

Alice Augusta Ball alizaliwa tarehe 24 Julai, 1892, mjini Seattle, kaskazini magharibi ya Marekani, katika familia ya watu weusi. Babu yake alikuwa mpiga picha mashuhuri. Alipokuwa mtoto, jamaa zake walihamia Honolulu wakitumaini kwamba joto la visiwani lingemfaa babu huyo, ambaye afya yake ilikuwa imedhoofu. Mzee alifariki mwaka 1904, nao wakarudi Seattle. Huko Alice alisoma katika Chuo Kikuu cha Washington, akapata shahada ya kemia ya dawa mwaka 1912 na ya ufamasia mwaka 1914. Kisha alivuka tena bahari kwenda Hawaii. Mwaka 1915 alipata shahada ya uzamili katika chuo cha huko, akiwa mwanamke wa kwanza na mtu mweusi wa kwanza kuipata. Tasnifu yake ilihusu kava, mmea ambao mizizi yake wenyeji wa visiwa vya Pasifiki hutengenezea kinywaji. Chuo hicho kikampa kazi ya kufundisha kemia, kazi ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuishika hapo kabla yake.

Wakati huo Hawaii ilikuwa imeelemewa na ugonjwa wa ukoma. Tangu mwaka 1866 serikali ilikuwa ikiwapeleka wagonjwa kisiwani Molokai, katika rasi ya Kalaupapa, ambayo imezungukwa na bahari pande tatu na kuzibwa na jabali refu upande wa nne. Katika muda wa miaka mia moja, watu wapatao 8,000 walipelekwa huko. Mume alitengwa na mkewe, na mama na mwanawe. Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa uchungu wa kukiona chombo kikitweka na mtu ambaye hatarudi.

Dawa iliyokuwapo ni mafuta ya mbegu za mti wa chaulmoogra, yaliyojulikana tangu zamani katika Bara Hindi na Uchina. Lakini mafuta hayo yalikuwa na taabu zake. Mgonjwa akiyanywa, yalimtia kichefuchefu. Akidungwa sindano, yalikuwa mazito mno, hayakuchanganyika na damu, yakabaki kama mavimbe yenye maumivu chini ya ngozi. Daktari Harry Hollmann wa hospitali ya Kalihi alihitaji mkemia wa kulitatua jambo hilo, akamwendea Alice Ball. Naye, huku akiendelea kufundisha, alizitenga asidi zilizomo katika mafuta hayo, akaziunganisha na alkoholi, akapata vitu viitwavyo esta, ambavyo ni vyepesi na mwili huweza kuvipokea. Kazi hiyo aliikamilisha akiwa na umri wa miaka 23.

Hakujaliwa kuyaona matunda yake. Mwaka 1916 aliugua, akarudi Seattle, na tarehe 31 Desemba akafariki akiwa na miaka 24. Gazeti la Honolulu liliandika kwamba alidhurika kwa gesi ya klorini alipokuwa akifundisha. Cheti cha kifo kikaandikwa kifua kikuu. Alikuwa bado hajaichapisha kazi yake. Mkuu wa chuo, Arthur Dean, ambaye naye alikuwa mkemia, aliiendeleza, akatengeneza dawa kwa wingi na kuchapisha matokeo bila kumtaja aliyeianzisha. Dunia ikaiita njia ya Dean. Dawa hiyo haikuwa tiba kamili, lakini ilitolewa taarifa kwamba wagonjwa 78 wa Kalihi waliruhusiwa kurudi makwao. Iliendelea kutumika hadi dawa mpya zilipopatikana katika miaka ya 1940.

Mwaka 1922 Daktari Hollmann aliandika makala akaiita njia hiyo kwa jina la Ball. Wachache walimsikiliza, lakini maandishi yake yalibaki. Miaka hamsini baadaye, watafiti walipofungua makabati ya nyaraka, waliikuta makala hiyo, pamoja na tasnifu na magazeti ya kale. Mwaka 2000 chuo kikuu kiliweka kibao cha kumbukumbu yake chini ya mti wa chaulmoogra, na mwaka 2007 kikamtunukia nishani. Haki yake iliokolewa na karatasi ambazo hakuna aliyezitupa.

Hapo ndipo yatupasa tujiulize sisi wenyewe. Katika visiwa vyetu wamo akina mama waliosimama mbele ya meza za maabara wakawafundisha kemia watoto ambao leo ni madaktari, wafamasia na walimu. Baadhi yao wamestaafu na wengine wametangulia mbele ya haki. Je, majina yao yameandikwa wapi? Ghala la shule linaposafishwa, madaftari ya zamani hutupwa, au huishia kwa wauza njugu wakafungia bidhaa zao.

Rai yetu si ya gharama kubwa. Kila skuli yenye maabara na iwe na kitabu cha walimu wake wa sayansi, wanawake na wanaume, na kazi walizofanya. Wanafunzi watumwe kwa walimu wazee kuyaandika masimulizi yao wangali hai. Nakala zipelekwe kwenye nyumba ya nyaraka, na maofisa wa elimu wahakikishe zimefika. Alice Ball alingoja zaidi ya miaka themanini ili jina lake liwekwe chini ya mti. Walimu wetu wasingojeshwe hivyo.