Simba wa Kenya na Gari Kuukuu

Mwalimu mmoja wa shule ya upili huko Kakuma, niliyepata kumfundisha fonolojia na ambaye hata leo huniita Mwalimu, alinitembelea hapa Lodwar majuzi akiwa na picha ya gari. Lilikuwa gari dogo la michezo la Kiingereza, MGB la miaka ya 1960, jekundu, la viti viwili na paa la turubai. Mwenyewe yuko Nairobi na anataka kuliuza. Mgeni wangu alikwisha kujaza fomu za mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na kwa hakika hakuja kutafuta ushauri. Alikuja kutafuta baraka.

Baraka sikumpa. Nilimsimulia maisha ya Joginder Singh, na nikashangaa kwamba alilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Nilipowauliza wanafunzi wangu siku ya pili yake, ni wawili tu walioinua mikono, tena mmoja wao alimdhania kuwa mwanasiasa. Ndiyo maana nayaandika hapa.

Joginder alizaliwa Kericho mwezi wa Februari 1932. Baba yake alikuwa Kalasinga aliyetoka Punjab, fundi wa magari na mwenye gereji, na mwana akakulia katika harufu ya mafuta na mlio wa nyundo. Kabla ya kujulikana kama dereva alikuwa fundi. Aliwahi pia kuajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake ikiwa kuzunguka barabarani na kuwaauni waliokwama. Naiona kazi hiyo kuwa ndiyo chuo kikuu chake. Mtu anayekuta magari ya watu wengine yamekufa njiani, leo kwa rejeta, kesho kwa springi, hujifunza mahali kila chuma kinapochokea. Hakuna silabasi yetu inayofundisha hayo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaanza kushindana. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, yalikuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa maelfu ya kilomita, katika tope la mvua za Pasaka na vumbi linaloziba pumzi. Mwaka 1963, katika magari 84 yaliyoondoka, 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho.

Sasa nifikie gari lenyewe. Mwaka 1965 Joginder na nduguye Jaswant waliingia Safari kwa gharama zao, wakiendesha Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumiwa na timu ya kiwanda. Gari hilo lilikwisha kuonja mateso ya Safari ya mwaka uliotangulia. Umbo lake lilikuwa la kizamani hata kwa wakati ule, kwa maana lilitokana na gari lililoonyeshwa kwanza mwaka 1944, na mwaka huohuo wa 1965 kiwanda kikaacha kuliunda. Mtu wa kawaida angeliita mkweche. Joginder alilitengeneza mwenyewe, akawaacha nyuma madereva wa timu zenye fedha, akashinda. Kenya ilikuwa na mwaka mmoja na miezi michache tu ya uhuru. Mhindi wa gereji, mzaliwa wa Kericho, akawa Simba wa Kenya, jina alilobandikwa na wananchi waliopanga foleni kando ya barabara kumshangilia.

Kunradhi, msomaji, nichepuke kidogo kwa sababu ya kazi yangu. Kiswahili hakina neno moja la kitu kilichotumika. Yapo mengi, na kila moja lina bei yake. Kongwe ni kitu cha umri na heshima. Kuukuu ni kilichotumika sana lakini bado kingali na kazi. Chakavu kimeliwa na matumizi, na mkweche ni gari la kuchekwa. Muuzaji wa Nairobi alikuwa ameandika kwamba gari lake ni kongwe. Mimi mwenyewe niliwahi kununua gari kwa kuliamini neno kama hilo, na miezi minne baadaye nikaliuza kwa kilo.

Joginder hakuwa mtu wa kuamini neno. Alishinda tena mwaka 1974 akiwa na David Doig, kwa gari dogo la Kijapani, Mitsubishi Colt Lancer, huku Björn Waldegård akishika nafasi ya pili kwa Porsche 911, gari la michezo la kutamaniwa na kila kijana. Mwaka 1976 akashinda mara ya tatu, naye akawa dereva wa kwanza kufikisha ushindi wa Safari tatu. Lakini takwimu ninayoistahi zaidi ni nyingine: katika Safari 22 alizoanza, alizimaliza 19. Ushindi huweza kuletwa na bahati. Kumaliza mara 19 ni ufundi. Alistaafu mashindano, akahamia Uingereza, na akafariki London mwezi wa Oktoba 2013 akiwa na umri wa miaka 81.

Mgeni wangu alisikiliza, kisha akauliza haya yote yanahusianaje na MGB. Nilimweleza kwamba yanahusiana kwa karibu. Injini ya ile Volvo ilikuwa ya lita 1.8 hivi, na ya MGB pia ni lita 1.8, zote mbili zilivuta pumzi kwa kabureta mbili za SU, za Kiingereza. Tofauti ipo katika mnunuzi. MGB haina fremu ya peke yake. Nguvu yake imo katika bodi, hasa vile vizingiti vilivyo chini ya milango. Kutu ikiila sehemu hiyo, rangi nyekundu haitazuia gari kujikunja. Sumaku ndogo hutosha kuanza uchunguzi: isiponata, chini ya rangi pana lipu, hapana chuma. Isitoshe, tumbo la gari hilo liko karibu mno na ardhi, na kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi za nchi ya mchanga na malaga.

Nilimshauri asilipe hata senti kabla hajampeleka fundi. Pale Kakuma yupo kijana mmoja, mkimbizi, anayefungua injini za pikipiki juu ya gunia chini ya mgunga na kuzirudisha bila kubakiza hata skrubu moja. Wameondoka pamoja Ijumaa kwa basi la usiku. Sumaku wameichukua kwangu.