Matt Talbot: kibarua aliyejifunza kutembea bila hela mfukoni



Kijana mwenzangu, nianze na aibu yangu mwenyewe. Likizo moja nikiwa bado mwanafunzi wa falsafa, shangazi alinipa hela ya nauli, sabuni na madaftari. Haikupita wiki mbili, imeisha. Sikununua kitu chochote cha maana. Ilikuwa vocha, soda, chipsi, vocha tena. Shangazi aliponiuliza imekwenda wapi, nilisimama pale kama mtoto wa darasa la pili. Sikuwa na jibu, na kilichoniuma zaidi ni kwamba yeye hiyo hela aliipata kwa kuuza mboga.

Tangu hapo nimekuwa na rafiki mmoja mbinguni (naamini yuko huko) ambaye namkumbuka kila nikishika pesa. Hakuwa padre wala mtawa wa kuishi konventini. Alikuwa kibarua wa Dublin, Ireland, na kwa miaka mingi mshahara wake wote uliishia baa. Anaitwa Matt Talbot.

Matt alizaliwa tarehe 2 Mei 1856, mtoto wa pili kati ya watoto kumi na wawili. Baba yake alifanya kazi bandarini na alikuwa mnywaji. Nyumba ilikuwa ya kimaskini, na familia ilihamahama kutoka chumba kimoja cha kupanga hadi kingine. Shule Matt hakuisoma sana. Akiwa na miaka kama kumi na miwili alianza kazi kwa wafanyabiashara wa vinywaji, na hapo ndipo alipoanza kuonja masalia ya bia kwenye chupa. Baadaye akapelekwa kwenye maghala ya pombe kali bandarini. Yaani ni kama kumtoa mtu mvuani ukamtumbukiza mtoni! Alipofika miaka kumi na sita, kurudi nyumbani amelewa lilikuwa jambo la kawaida.

Sasa sikiliza hesabu zake za wakati ule. Alikuwa mchapakazi, akibeba matofali kwa mafundi waashi, na mafundi walimpenda kwa sababu alikuwa na kasi. Tatizo lilianza siku ya malipo. Alikuwa anapokea mshahara, anakwenda baa, anaukabidhi wote kwa muuzaji, halafu anakunywa mpaka uishe. Siku chache baadaye hana kitu, anaanza kunywa kwa mkopo. Mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa akihangaika na chakula cha wote, alibaki na makombo au hakupata kabisa. Hela ikikosekana, Matt aliweka rehani hata viatu vyake akarudi nyumbani peku. Siku moja yeye na wenzake walimwibia mpiga fidla wa mtaani chombo chake, wakakiuza, wakanywa. Yule mpiga fidla alikuwa hana kazi nyingine ya kumpa mkate.

Hii ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo mimi huirudia sana. Matt hakuwa mchoyo. Marafiki wakiwa hawana, yeye ndiye aliyewanunulia. Ukimwona baa ungesema huyu ni mtu mkarimu kweli kweli. Lakini ukarimu wake ulikuwa unalipwa na mama yake na wadogo zake, ambao hawakuombwa ruhusa.

Mwaka 1884 Matt alikuwa na miaka 28. Jumamosi moja hakuwa na hata senti, kwa sababu wiki hiyo alikuwa amekunywa badala ya kwenda kazini. Akasimama na mdogo wake kwenye kona karibu na baa, akiwasubiri wenzake watoke kupokea mshahara. Alikuwa na uhakika kwamba mmoja atamwalika. Aliwahi kuwanunulia wote. Wakapita mmoja mmoja, wakamsalimia, wakaingia ndani. Hakuna aliyemwita.

Jamani, kuna maumivu kama hayo? Matt aligeuka akarudi nyumbani mapema. Mama alishangaa kumwona mzima saa zile. Akamwambia mama yake kwamba anataka kwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama, ambaye alishasikia mengi, alimbariki aende, lakini akamwonya asiweke ahadi hiyo kama hana nia ya kuishika. Matt akaenda Chuo cha Msalaba Mtakatifu, Clonliffe, akaungama, akaahidi kutokunywa kwa miezi mitatu. Mitatu tu! Hakuthubutu zaidi. Ilipoisha akaongeza sita, halafu akaahidi maisha yote. Aliishi miaka 41 baada ya siku ile, na hakunywa tena.

Usidhani ilikuwa rahisi. Jioni baada ya kazi, muda ambao zamani ulikuwa wa baa, alikuwa anatembea hadi kanisani na kukaa huko mpaka usiku uingie, kwa sababu hakuwa na mahali pengine salama pa kwenda. Kila asubuhi aliwahi Misa kabla ya kazi. Siku moja akiwa na sarafu mfukoni, kiu ilimzidi akaingia baa. Muuzaji alikuwa na wateja wengine, hakumjali. Matt akasubiri, akachoka, akatoka akaenda kanisani. Kuanzia siku hiyo akaamua jambo moja dogo: hatatembea tena na hela mfukoni. Hakuna hela, hakuna cha kununulia.

Mimi naona hapa kuna akili kubwa. Matt hakujidanganya kwamba ni shujaa. Alijua udhaifu wake ulipo, akauondolea nauli.

Kilichofuata kilikuwa madeni. Alizunguka baa alizokuwa anakunywa kwa mkopo, akalipa kidogo kidogo. Akamtafuta yule mpiga fidla muda mrefu mitaani, asimpate. Basi ile fedha aliyotaka kumlipa akaitolea Misa kwa ajili yake. Na mama yake akaanza kupata fedha ya nyumba. Baada ya baba kufariki, Matt aliishi na mama huyo na kumtunza mpaka alipoaga dunia mwaka 1915.

Pombe ilipoondoka, Matt alianza kuangalia na matundu mengine. Alikuwa mvutaji wa kiko, akaacha, na inasemekana hilo lilimtesa sana. Chakula chake kikawa chepesi: mkate na kakao iliyochanganywa na majani ya chai kidogo, bila maziwa wala sukari, mara nyingi akiinywa imepoa. Alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko mwaka 1890. Chumba chake cha kupanga katika mtaa wa Upper Rutland kilikuwa na kitanda cha chuma alichokitandika mbao, meza, kiti na msalaba ukutani. Kazi yake sasa ilikuwa kwenye yadi ya mbao, kazi ya kibarua wa kawaida.

Lakini kuna kitu hakukibania: vitabu. Huyu mtu ambaye alikuwa hajui kusoma vizuri alisoma maisha ya watakatifu na hata Maungamo ya Mtakatifu Agostino, taratibu, akimwomba Roho Mtakatifu amsaidie kuelewa. Alinunua vingine, akaazima vingine, akaandika vijikaratasi vya kumkumbusha. Kwa hiyo usiseme Matt alikata kila kitu.

Na ile fedha iliyookolewa ilikwenda wapi? Hakuirundika. Iliwafikia wafanyakazi wenzake waliokuwa na watoto wengi, maskini, watoto yatima, na wamisionari wa Ireland waliokuwa wakienda China. Mwaka 1913 wafanyakazi wa Dublin waligoma na kufungiwa nje ya kazi kwa miezi, familia zikalala njaa. Matt naye alikuwa upande wa wagomaji. Fedha ya chama aliyopewa kama mgomaji aliigawa kwa wenzake wenye familia. Zingatia hapo: yeye kuridhika na kidogo hakukumfanya aone ni sawa wengine walipwe kidogo.

Miaka yake ya mwisho moyo na figo vilimsumbua, akalazwa hospitali, kazi ikasimama, akaishi kwa malipo madogo na msaada. Katika hali hiyo, baada ya mwaka na nusu bila kazi, bado aliwatumia wale wamisionari wa China pauni moja yake na shilingi kumi za dada yake. Wakati ule pauni moja ilikuwa shilingi ishirini. Kwa mgonjwa asiye na mshahara, hiyo haikuwa chenji.

Tarehe 7 Juni 1925, Jumapili ya Utatu Mtakatifu, Matt alianguka kwenye uchochoro wa Granby Lane akielekea Misa, akafa pale pale. Alikuwa na miaka 69. Waliomzunguka hawakumjua ni nani. Mwili ulipovuliwa nguo hospitali, wakakuta minyororo aliyokuwa anaivaa kama ishara ya kuwa mtumwa wa Mungu kupitia Bikira Maria. Hapo ndipo watu wakaanza kuuliza habari zake. Tarehe 3 Oktoba 1975 Papa Paulo VI alitambua rasmi fadhila zake za kishujaa. Bado hajatangazwa Mwenyeheri, lakini duniani kote watu wanaopambana na ulevi wanamwomba awaombee.

Sasa, mimi na wewe tunajifunza nini? Nitangulize onyo: usikimbilie kulala kwenye mbao wala kuvaa minyororo. Matt alikuwa na padre aliyemwongoza, na wewe mwili wako bado unakua. Kula vizuri. Tuchukue yale ya kila siku.

Kwanza, tafuta tundu lako. La Matt lilikuwa baa. La kwangu lilikuwa vocha na chipsi. La kwako labda ni kubeti, au bando la usiku, au viatu vya kuonekana navyo. Chukua daftari, andika kila unachotumia kwa mwezi mmoja, hata kile cha mia mbili. Mimi nilipofanya hivyo niliona haya, lakini angalau siku nyingine shangazi akiuliza nitakuwa na jibu. Ni kama kutafuta dhamiri kabla ya kitubio: huwezi kuacha usichokitaja.

Pili, kiondolee nauli kishawishi chako. Ukijua ukipita pale utanunua, pita njia nyingine. Ondoa programu ya kubeti kwenye simu. Hela ya kodi ya chumba itenge siku ile ile uliyolipwa, mpe mtu unayemwamini akutunzie kama ni lazima. Na anza na miezi mitatu, kama Matt. Ahadi fupi inayotunzwa ni bora kuliko ndefu ya kujisifia.

Tatu, deni kwanza. Kabla ya kujinunulia kipya, mlipe yule wa genge aliyekuandika kwenye daftari lake. Naye ana watoto.

Nne, na hili ndilo kubwa, amua mapema unachookoa ni cha nani. Darasani tulisoma kwamba Aristotle aliuweka ukarimu katikati ya ubadhirifu na ubahili. Kwenye mtihani niliandika kwamba mbadhirifu na bahili ni watu wawili wanaopingana. Nikimtazama Matt naona wanafanana: pesa ya wote wawili inaishia kwao wenyewe. Mmoja anaila, mwingine anaifungia. Ndiyo maana kubana matumizi peke yake bado si fadhila. Unaweza kuacha soda mwezi mzima ukawa bahili tu mwenye kibubu kizito. Matt alibana ili mkono ufunguke, na wa kwanza kuona tofauti alikuwa mama yake.

Hivyo wiki hii jaribu kitu kimoja. Kata matumizi moja, dogo tu, ujue ni kiasi gani umeokoa, na kabla ya Jumapili kiasi hicho kimfikie mtu wa nyumbani kwenu: mama, bibi, mdogo wako anayedaiwa mchango wa shule. Usitangaze. Mimi yangu nimeshajua inakwenda wapi. Inakwenda kwenye meza ya mboga ya shangazi.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyechagua kuishi miaka mingi katika nyumba ya fundi, tufundishe kuridhika na kinachotosha. Utuonyeshe pesa yetu inapovujia, na utupe ujasiri wa kuziba. Uwakumbuke vijana wote waliofungwa na pombe, kamari na madeni; wapate mlango wazi kama alivyoupata mtumishi wako Matt. Na kile tunachookoa kisitufanye wagumu, bali kimfikie anayekihitaji. Amina.